Petroli au Dizeli kwa Gari Dogo la Kazi Mwanza

Swali la petroli na dizeli aghalabu huulizwa visivyo katika gereji za Mwanza. Mtu mwenye akiba yake, akitaka gari dogo la kubebea dagaa, barafu au mboga, humwendea fundi na kumwuliza ni injini ipi inayokula mafuta kidogo, na fundi, asiye na sababu ya kumdanganya, humjibu kuwa ni dizeli. Wakaachana wote wawili wameridhika, ilhali suala lenyewe, yaani gari hilo litakwenda wapi, umbali gani na kwa mzigo gani, halikutajwa hata kidogo.

Injini ya petroli ni mrithi wa ile ya mipigo minne aliyoiunda Nikolaus Otto mwaka 1876. Huvuta hewa pamoja na mafuta, huibana kiasi cha mara 8 hadi 11, kisha plagi huipiga cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu huko Augsburg mwaka 1897, aliiacha cheche: hewa peke yake hubanwa mara 16 hadi 22, ikapata harara ya nyuzi zaidi ya 500 za Selsiasi, na mafuta yakinyunyizwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Kubanwa huko ndiko asili ya faida za dizeli na ya taabu zake pia. Kwa sababu hiyo hugeuza sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, na huvuta mzigo mzito ikiwa mizunguko yake ni michache. Na kwa sababu hiyo hiyo sharti iundwe nzito, ya chuma kingi, yenye pampu na nozeli za usanifu wa juu, ambazo bei yake humtoa mtu jasho.

Jambo ambalo wanunuzi wachache hulitia maanani ni kimo cha nchi. Uso wa Ziwa Victoria u karibu mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya Mwanza, kwa hiyo, ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja katika nane. Injini isiyo na tabo, iwe ya petroli au ya dizeli, nguvu zake ni kadiri ya hewa iivutayo. Basi gari lililoondoka bandarini likiwa kakamavu, likifika Mwanza, likatiwa magunia na kuelekezwa kilima cha Bugando, huonekana limelegea, na mwenyewe humshuku dereva kabla ya kuishuku anga. Petroli ya kabureta hapo huzidiwa na mafuta, plagi zikafanya masizi. Petroli ya kisasa hujipimia hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Dizeli ya zamani, ambayo pampu yake hupeleka mafuta yale yale ijapokuwa hewa imepungua, huyatoa yaliyokosa hewa ya kuungulia yakiwa moshi mweusi, na fundi hodari huipunguza pampu kidogo, moshi ukakoma, na gari lisipoteze nguvu yoyote ya maana. Dizeli yenye tabo hujisukumia hewa, na karibu haioni tofauti. Moshi huo, fauka ya kuchafua, una madhara: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, nao wapakiaji wa Mwaloni Kirumba husimama nyuma ya magari yanayonguruma asubuhi nzima.

Kisha kuna mafuta yenyewe. Petroli chafu hukohoza gari. Dizeli chafu huliua. Dizeli ndiyo ilainishayo pampu na nozeli zinapofanya kazi, na ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, ulaini hupungua na chuma kikasaga chuma. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili unafuu wake usiwe chambo cha wachakachuaji, na hali ikawa afadhali. Lakini maji hayakupigwa kodi. Tangi likilala nusu karibu na ziwa, hewa yenye unyevu huingia na kutona ndani. Chini ya filta za dizeli nyingi pana kikombe chenye kifundo: weka chupa tupu, ukilegeze, na maji hutangulia kutoka, ndipo dizeli ya manjano ifuate. Mwenye gari asiyejua kikombe hicho kilipo bado hajawa tayari kumiliki dizeli, hasa hizi mpya zinazosukuma mafuta kwa mgandamizo uzidio ule wa hewa mara elfu moja.

Wa kirikuu hana haja ya mjadala huu. Zile zilizoundwa kwa soko la Japani zina petroli ya sentimita 660 za ujazo na ruhusa ya kilo 350 tu, na anayezipakia mara tatu ya hapo asiilaumu injini. Mjadala huanzia kwa HiAce na wenzake, ambao hupatikana kwa mafuta yote mawili.

Tuchukue gari liendalo kilomita 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, baina ya Kirumba, Igoma na Nyegezi. La petroli likipata kilomita 10 kwa lita, hunywa lita 1,800. La dizeli likipata 12 na nusu, hunywa lita 1,440. Baki ni lita 360: mwenye gari na aizidishe kwa bei kikomo ya Mwanza ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kisha amwulize fundi bei ya nozeli nne. Tena safari fupi haziipi dizeli nafasi ya kupata moto, na zile mpya zenye chujio la masizi huziba kwa sababu hiyo. Lakini gari liendalo kilomita 200 kwa siku, likielekea Musoma, au Geita kwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, huokoa lita 1,200 kwa mwaka, na injini yake hukaa katika joto linaloifaa.

Hukumu yangu, basi, ni petroli kwa kazi za ndani ya jiji, na dizeli kwa mwenye njia ndefu na mzigo wa kila siku. Na anayenunua dizeli iliyokwisha kutumika aende kwa muuzaji alfajiri, aguse injini kwa mkono ahakikishe ni ya baridi, ndipo aombe iwashwe. Ikiwa imekwisha kupashwa moto kabla hajafika, arudi na fedha zake nyumbani.