Umbo la kiungo bandia huathiri hisia za mtumiaji

UBORA wa kiungo bandia haupimwi kwa uimara pekee. Sura yake pia huchangia kuamua iwapo mwenyewe atakivaa kwa fahari au atakificha.

Mnamo 1970, mtaalamu wa roboti nchini Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba mkono bandia unaofanana mno na wa kweli waweza kuogofya. Anayeushika katika salamu hutarajia nyama na mifupa, kumbe hukutana na ubaridi, akashtuka. Mshtuko huo mwenye mkono huusoma usoni mwa mwenzake.

Wapo waliofuata njia nyingine. Mwaka wa 1998 jijini London, mwanariadha Mmarekani Aimee Mullins, aliyekatwa miguu yote miwili utotoni, alipita jukwaani katika maonyesho ya mavazi ya Alexander McQueen kwa miguu ya mbao iliyotiwa nakshi. Baadhi ya watazamaji walidhani ni buti.

Miwani nayo ni kifaa cha usaidizi, lakini fremu yake huchaguliwa kama vazi, na ni nadra mvaaji kuhurumiwa. Hivyo basi, anayempimia mtu kiungo bandia yafaa amwulize angependa kionekaneje. Kifaa kinachoachwa uvunguni kwa aibu hakimfai yeyote.