Pikipiki Inazimika Ikipata Moto: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Kipuri

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNAPUNGUZWA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza nawe unayetafuta riziki kwa bodaboda.

Asubuhi pikipiki inawaka kwa kiki moja. Baada ya safari mbili tatu inaanza kumisi, kisha inazimika. Unaisukuma hadi kivulini, unangoja nusu saa, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukifika kwa fundi, iko sawa. Fundi anakisia, unanunua plagi. Kesho yake tatizo liko palepale, unanunua koili. Fedha ya chakula inaishia kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Na siku ikizimika usiku, huku umebeba mama mjamzito unayemkimbiza zahanati, hasara si ya fedha tena.

Kwa nini tatizo huja na kuondoka? Injini ya petroli huhitaji cheche. Koili hupandisha umeme mdogo hadi zaidi ya volti 10,000 ili uruke kwenye ncha ya plagi. Ndani ya koili mna nyaya nyembamba sana. Chuma kikipata joto hutanuka, na waya uliokatika kidogo huachana. Ukipoa, hugusana tena. Kwa hiyo shika kanuni hii: pima pikipiki ikiwa imezimika, si baada ya kupoa. Beba spana ya plagi na plagi moja nzima ya akiba.

(MUZIKI MFUPI)

Ikizimika, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka, basi kosa si umeme. Tundu la hewa kwenye kifuniko limeziba kwa vumbi, na petroli ilishindwa kushuka. Lisafishe. Hatua hii haigharimu hata shilingi moja. Kisha funga tangi vizuri.

Pili, fungua plagi kwa kitambaa, maana ina moto. Itazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui, shuku cheche. Ikiwa kavu kabisa, shuku njia ya petroli: chujio, mpira au kabureta.

Tatu, pima cheche. Ichomeke plagi kwenye kofia yake, lala chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu la plagi, kisha mwenzako apige kiki. Usiishike kwa mkono mtupu. Usipime penye petroli iliyomwagika, wala karibu na anayevuta sigara. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, jaribu ile plagi ya akiba. Pengo la ncha zake kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Nne, kama bado hakuna cheche, angalia kofia ya plagi na waya wake. Kisha tikisa nyaya za ufunguo, za swichi ya kuzimia, na zile zinazopita shingoni mwa usukani, mahali zinapokunjwa kila unapokata kona. Cheche ikija na kupotea unapotikisa, umepata mahali penyewe.

Tano, mwombe mwenzako mwenye pikipiki ya aina ileile akuazime koili. Isiposaidia, rudisha yako, kisha jaribu CDI yake. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

(MUZIKI MFUPI)

Nawe unayejifunza ufundi wa magari, kanuni ni ileile kwenye gari la zamani la petroli lenye turbo. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa iliyobanwa zaidi hudai umeme mwingi zaidi ili cheche iruke. Ndiyo maana gari hilo huweza kunguruma vizuri likiwa limesimama, lakini likamisi linapopanda mlima na mzigo. Mwenye gari akikuambia linamisi mlimani, usilipime limesimama gereji. Panda naye mlima huo.

Msikilizaji, ukienda kwa fundi usimwambie tu kwamba pikipiki ni mbovu. Mwambie huzimika baada ya muda gani, plagi ilikuwa imelowa au kavu, na cheche ilikuwapo au haikuwapo. Maneno hayo matatu yatakuokolea fedha.

Waeleze na wenzako kijiweni. Hadi kipindi kijacho, safari njema.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)