Tairi Pana kwa Mkonga wa Zuzu: Kweli au Uongo?

Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi. Dodoma hupata mvua za milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo pikapu au mkonga, yaani gari la kazi la fo wili, unaohudumia shamba huku hupita kwenye mchanga sehemu kubwa ya mwaka, hukutana na tope la mbuga kwa miezi michache, na kila ukienda mjini hukanyaga lami. Tairi linalosifiwa kwa moja ya hizo tatu linaweza kukuangusha kwenye mbili zilizobaki. Wanaokushauri kijiweni uweke tairi pana huisahau hesabu hiyo.

"Tairi pana halizami mchangani." Hapana, kinachookoa ni upepo. Chukua gurudumu linalobeba kilo 600. Likijazwa psi 40, unyayo wake chini ni kama sentimita za mraba 210. Punguza upepo mpaka psi 18 na unyayo unazidi 470. Hiyo ni hesabu ya juu juu, maana kuta za tairi nazo hubeba kidogo, lakini mwelekeo ndio huo. Sasa badilisha tairi la 235 uweke la 265 na uache upepo ule ule: unyayo unabaki karibu na ulivyokuwa, ila umekuwa mpana na mfupi. Uso mpana una kifusi kikubwa zaidi cha mchanga cha kusukuma mbele yake, na hapo ndipo injini ya zamani huanza kulalamika. Tairi lililopunguzwa upepo hurefuka kwenda mbele na nyuma, na urefu huo ndio unaoshika.

Kwa hiyo kabla ya kushuka korongoni simama, toa upepo, funga hubu za mbele, ingiza fo wili ndogo, pita taratibu bila kukata kona kali. Ukishavuka, jaza. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni rahisi kuliko tairi moja jipya, na kipimo cha upepo ni rahisi zaidi ya pampu. Nunua kipimo chako mwenyewe; mafundi pancha wengine bado wanapima kwa kugonga tairi na spana na kusikiliza. Tahadhari moja: kama gari lako bado lina rimu za pete na tyubu, usishuke sana chini ya 20, kwa sababu tairi hutambaa kwenye rimu na kung'oa vali ya tyubu.

Nusu ya ukweli ipo. Tairi pana na refu lina hewa nyingi, hivyo huweza kupunguzwa zaidi kabla rimu haijagusa. Madereva wa Iceland hutumia matairi makubwa mno juu ya theluji kwa sababu hiyo. Faida hiyo haipo kwa anayeendesha na psi 40 mwaka mzima.

"Kwenye mbuga nyeusi, pana ndiyo mkombozi." Inategemea mwezi. Mvua za kwanza hulowesha vidole vichache tu vya udongo. Chini yake ardhi bado ni kavu, ngumu, yenye nyufa za kiangazi. Tairi jembamba hukata utelezi huo na kufika pagumu, ilhali pana huteleza juu na kukuburuza mpaka mtaroni. Ikifika Februari au Machi, mvua ikiwa imekolea, mbuga haina sakafu tena. Hapo jembamba huchimba mpaka difu ikalie tope, na pana lenye upepo mdogo lina nafasi nzuri zaidi. Lakini angalia tairi lenyewe baada ya hatua ishirini: ule ufinyanzi umejaa kwenye meno yote, tairi limekuwa duara laini jeusi, na upana hausaidii tena. Tairi pana pia limepunguza nafasi kati yake na fenda, basi tope linajishindilia humo mpaka gurudumu linakuwa zito kuzunguka. Wakati huo suluhisho ni kusubiri jua.

Ushahidi kwamba jembamba si dhaifu upo karibu na nyumbani. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalipita Tanzania, kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, yakitumia Land Rover Discovery. Waandaaji wangeweza kuchagua tairi lolote duniani. Walichagua Michelin XCL za 7.00R16, nyembamba kuliko hata 7.50 ya mkonga.

Njia za mashambani zina jambo lingine. Tayari zimechimbwa mifereji na magari na mikokoteni iliyotangulia. Tairi jembamba hukaa ndani ya mfereji. Pana hupanda kingo, na steringi inakuvuta kama ng'ombe asiyetaka nira.

"Pana linabeba mzigo zaidi." Uongo, na huu ni wa hatari. Uzito husomwa kwenye namba iliyoandikwa ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni kilo 1,250, na 123 ni kilo 1,550. Kuna tairi pana la gari la familia lenye namba ndogo kuliko jembamba la kazi. Na hata namba ikiwa kubwa, springi na ekseli ni zile zile.

"Rimu za zamani zinatosha." Uongo. Rimu nyingi za chuma za mikonga ya zamani zina upana wa inchi 5.5. Tairi la 265/75R16 linataka inchi 7 hadi 8. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, katikati hutuna na kuisha mapema, na gari huyumba kwenye lami.

"Weka pana na kubwa nyuma tu, ndiyo yanayosukuma." Usithubutu. Gari la zamani halina difu ya katikati. Ukiingiza fo wili, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke sawa. Tairi za nyuma zikiwa ndefu, ekseli hizo zinapigana, na anayelipa ni gia boksi ndogo. Matairi yote manne, na la akiba, yawe na kimo kimoja.

"Spidomita itadanganya." Ni kweli kimo kikibadilika, upana peke yake hauna neno. 235/85R16 ina kimo cha milimita 806 hivi, na 265/75R16 milimita 804, sawa na 7.50R16. Ukipanda hadi 285/75R16 unafika 834: spidomita ikisema 80, unakimbia karibu 83. Anayetoka 205R16 ya Hilux ya zamani kwenda 265/75R16 amepanda karibu asilimia 9, na kwenye eneo la 50 atakuwa kwenye 54 au 55 huku akijiamini. Askari mwenye tochi hasomi spidomita yako.

"Linakula mafuta na beringi." Kweli. Likisukumwa nje kwa spesa, linakula zaidi.

Hukumu yangu kwa gari la kazi la Zuzu ni 235/85R16 yenye meno ya wastani. Rimu ya 5.5 nayo ni nyembamba kwake, kwa hiyo tafuta ya inchi 6. Ukibaki na rimu za zamani, baki na 7.50R16 yako. Unayependa upana, ishia 265/75R16 kwenye rimu ya 7, kisha pakia mzigo, kata steringi mpaka mwisho pande zote mbili, na mtu ainame aone kama linagusa springi au fenda. Zaidi ya hapo ni gari la harusi.

Na dukani, kabla ya kuuliza bei, tafuta tarakimu za tarehe ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, mwachie muuzaji.