Nilivyoiangukia Sayari ya Barafu

Nilikuwa miongoni mwa wazazi wanaoamini kwa dhati kwamba mchezo wa kompyuta ni mwizi wa wakati. Likizo ya Desemba nilimkaripia mwanangu, kijana wa miaka kumi na sita, kwa kuketi mbele ya kioo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakunijibu kwa ujeuri. Alinivutia kiti, akasema, “Baba, keti utazame kwanza, kisha unihukumu.”

Mchezo wenyewe huitwa Elite Dangerous. Ulitolewa mwezi Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza, nao umejengwa kwa mfano wa kundi letu zima la nyota, lenye mifumo ipatayo bilioni 400. Mchezaji hupewa chombo cha angani, akaenda atakako. Huzipima sayari, kisha hurejea kituoni kuyauza maarifa aliyoyakusanya. Na akiwa wa kwanza kufika mahali, jina lake huandikwa hapo. Mwiba ni huu: chombo kikiangamia kabla ya kufika kituoni, maarifa yote ambayo hayajauzwa hupotea.

Mwanangu alikuwa safarini majuma matatu.

Siku hiyo tulielea juu ya sayari kubwa ya barafu, pana kuliko dunia yetu, nyeupe yenye wekundu hafifu, nyufa zake ndefu mithili ya mito iliyoganda. Nakiri kwamba moyo ulinienda mbio. Niliomba usukani. Kijana alisita, kisha akanionya: “Mvutano wake unapita wa dunia mara mbili, Baba. Teremka polepole, tumbo la chombo likitazama chini. Usiinamishe pua.” Niliitikia kwa kiburi cha mtu aliyeendesha gari barabara za Nairobi kwa miaka ishirini. Nikainamisha pua. Chombo kikaporomoka kama nazi kutoka mnazini, ngao zikavunjika, na kufumba na kufumbua hatukuwa na chombo.

Hakusema neno. Alitoka nje akasimama kando ya tangi la maji, mgongo akinipa. Nilitaka kumwambia kuwa ule ni mchezo tu, ila ulimi ulinikatalia. Kwani ni mimi niliyekuwa nimeomba usukani, na ni yeye aliyepoteza.

Jioni, katika kumliwaza, nilimshauri azuru Urani au Neptuni, barafu za nyumbani kwetu. Akacheka kwa mara ya kwanza. “Hazina pa kutua, Baba.” Nilikwenda kusoma, nikamkuta mkweli. Wanasayansi huziita majitu ya barafu, lakini ndani yake mna mchanganyiko mzito na wa moto wa maji, amonia na methani, usio na ardhi ya kukanyaga. Chombo kimoja tu kimewahi kuzipitia kwa karibu, Voyager 2, Urani mwezi Januari 1986 na Neptuni mwezi Agosti 1989. Tangu hapo hakuna aliyerudi.

Wakati wetu shuleni tuliziimba sayari tisa (Pluto ilikuwa bado haijaondolewa orodhani, jambo lililotendeka mwaka 2006) bila ya mwalimu kutuuliza ingekuwaje kusimama juu ya mojawapo. Hata kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, nilikuja kulijua utu uzimani. Sisemi watoto waachiwe kioo usiku kucha. Kwangu saa mbili ndiyo sheria, na sijaibadilisha. Ila sisi tunaopiga marufuku vitu tusivyovionja tuna deni la kueleza tunakataza nini hasa.

Jumamosi iliyopita kijana alianza safari upya. Nimepewa kazi ya kuandika majina ya nyota daftarini. Usukani sijaruhusiwa kuugusa.