Je, Wajua? Ubao wa kufundishia vidole
Wanaopenda kufungua vitasa bila ufunguo, kwa burudani tu, hujitengenezea ubao wa mazoezi nyumbani: kipande cha mbao chenye vitasa kadhaa vilivyokazwa kwa skrubu. Cha kwanza huachiwa pini moja na springi yake, cha pili pini mbili, hivyo hivyo hadi tano, ili vidole vizoee kuhisi pini inapokaa mahali pake. Lakini kufuli la ubaoni lenye kisa kitamu zaidi halikuwa la mazoezi: ni la fundi wa kufuli Joseph Bramah, lililowekwa dirishani mwa duka lake London pamoja na ahadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya zamani, kwa atakayelishinda. Mwaka 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua baada ya saa 51 za kazi, zilizotawanyika katika siku 16. Subira iliyoje! Gini zake alilipwa.