Mchezo, Karadha na Mikoko: Vyama vya Wanawake wa Visiwa vya Lamu

Watu wa milimani na watu wa visiwani hushiriki dhiki moja, nayo ni umbali: wale wametengwa na soko kwa magenge na mabonde, hawa kwa maji, na kila kitu kiwafikiacho, tangu unga hata sabuni, huwa kimekwisha kupandishwa bei na nauli. Mkazi wa Kizingitini au Faza, katika kisiwa cha Pate, akiwa na shughuli ya benki mjini Amu, yaani Lamu, hana budi kuyangoja maji yajae ndipo chombo kipite, na siku yake nzima huenda ikapotea katika safari hiyo. Simu za mkononi zimempunguzia taabu hiyo tangu mwaka 2007, lakini simu hupeleka fedha iliyopo, haiumbi fedha isiyokuwapo. Basi si ajabu kuwa wanawake wa pwani hii, kabla maendeleo hayajawa neno la kila hotuba, walikuwa na njia yao ya kukusanya mali kidogo kidogo, nayo ni mchezo.

Tuseme wanawake 20 wamekubaliana kutoa shilingi 500 kila Ijumaa. Zikakusanyika shilingi 10,000, akapewa mmoja wao zote, na Ijumaa ya pili mwengine, hata zamu ikawazungukia wote. Apokeaye mwanzo amekopeshwa na wenziwe bila ya ziada. Apokeaye mwisho amejiwekea akiba mikononi mwa wenziwe. Na baina ya hao wawili kila mmoja ni mdai kabla ya zamu yake na mdaiwa baada yake. Anayeumia kidogo ni huyo wa mwisho, kwa kuwa bei za vitu hupanda hali fedha yake ingali njiani, na kwa hivyo insafu ni kumpa nafasi hiyo mwenye uwezo, na zamu za mwanzo kumwachia mwenye mgonjwa, mwenye arusi, au yule ambaye mumewe ni mvuvi na kusi imekwisha kuvuma. Hakuna karani wala rahani. Dhamana ya kila mmoja ni kujulikana kwake, na kujulikana katika mji mdogo ni dhamana nzito.

Ama katika sehemu nyingi za bara, utaratibu umekuwa mwengine. Shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika: kikundi huweka sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikashikwa na watu watatu mbalimbali, wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa faida, na mwisho wa mwaka faida hugawanywa. Ni utaratibu wenye hekima, na wengi umewanyanyua. Lakini uulete Siyu au Mbwajumwali, na swali la kwanza litakuwa juu ya hiyo faida, kwa maana ziada juu ya mkopo wa fedha ni riba, na riba ni haramu hata ikiwa mlaji na mliwa ni mtu mmoja. Wafadhili wengine huliona swali hili kuwa ni ukaidi. Mimi naliona kuwa ndilo lililo bora kuliko yote wanayoulizwa, kwa sababu humlazimisha mtu kufikiri faida halali hutoka wapi.

Na majibu yapo. Kikundi huweza kukopesha karadha tupu, yaani mkopo usio na ziada, kila mwanachama akatoa mchango sawa wa gharama, awe amekopa au hakukopa. Huweza pia kununua kitu chenyewe, kama cherehani au friza ya kuhifadhia samaki, kikamuuzia mwanachama kwa bei ya juu kidogo iliyojulikana tangu mwanzo, naye akalipa kwa mafungu. Au kikatia rasilimali katika biashara yake, wakagawana faida na hasara. Njia hizo ndizo zilizofuatwa pia na mabenki ya Kiislamu yaliyofunguka Kenya mwaka 2008. Hazina ya serikali kwa ajili ya wanawake ilianza mwaka 2007 kwa kukopesha vikundi bila riba ila kwa ada ya usimamizi. Kuna wanaoiona ada hiyo kuwa ujira halali wa kazi, na kuna wanaoitilia shaka kwa kuwa huhesabiwa kwa asilimia. Kutoa fatwa si kazi ya mwandishi wa gazeti. Lakini afisa aendaye visiwani na fomu zake bila kumsikiliza sheikh wa mji asishangae zikirudi tupu.

Wapo pia wasemao kuwa mwanamke kushika hesabu na uongozi ni jambo la wageni. Hao wamesahau kuwa Pate hiyohiyo ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Wala kazi haikuwa ngeni kwa wanawake wa visiwa hivi: kusuka mikeka, kusokota usumba, na kudarizi kofia, ambayo moja tu huchukua wiki nyingi za macho na sindano, na tajiri mwenye kuipeleka Mombasa akapata kwayo zaidi kuliko mshonaji. Hapo ndipo chama kinapofaa kuliko mkopo wenyewe, kwa kuwa mshonaji mwenye akiba haharakishwi kuuza.

Lakini mali kubwa ya visiwa hivi imo matopeni. Lamu ina zaidi ya hekta 37,000 za mikoko, yaani kama asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya, na kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, hata serikali ilipokataza kuzisafirisha nje mwaka 1982. Februari 2018 ukataji wenyewe ulipigwa marufuku, na nyumba zilizotegemea shoka zikabaki kutegemea alichonacho mwanamke. Huko Mtangawanda, kisiwani Pate, wanawake walijiunga wakazirudishia mikoko sehemu zilizokuwa tupu. Kazi hiyo huonekana nyepesi kwa asiyeijua: miche huokotwa chini ya miti iliyopevuka, hupandwa maji yakitoka, na kila mti una mahali pake, mlilana ukielekea baharini, mkandaa ukipenda nchi iliyoinuka, na mpandaji akikosea, mawimbi huchukua kazi ya msimu mzima. Samaki wachanga na kaa hukulia katika mizizi hiyo, na mke wa mvuvi hahitaji somo la jambo hilo.

Mikoko, hata hivyo, ni msitu wa serikali, na mpandaji hana hati yake. Gazi, katika Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 tu, na mapato yakaleta maji na vifaa vya skuli. Mkataba wa namna hiyo ukija Lamu, utakuja na karatasi nyingi na watu wengi wa kuzitia saini, na la kuuliza mapema, kabla bei haijatajwa, ni majina ya nani yatakayoandikwa humo. Maana kikundi kisichosajiliwa hakitiwi mkatabani, hata kama kila mche uliopo umepandwa na mikono yake.