Rusizi: Gari la Mazutu na Bei Isiyoshuka

Mto Rusizi unatenganisha masoko mawili ya magari. Upande wa Bukavu, magari ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani yamejaa barabarani, ingawa Kongo, kama Rwanda ya ng'ambo, huendesha upande wa kulia wa barabara. Rwanda iliyapiga marufuku mwaka 2005. Kwa hiyo mkazi wa Kamembe, upande wa Rwanda, anayetaka Hilux kuukuu ya mazutu anaiona ng'ambo kwa bei ya kumtia tamaa, lakini hawezi kuipatia plaki ya nyumbani. Inambidi atafute ya usukani wa kushoto, na hizo hutoka Ulaya na Ghuba, au kwenye minada ya mashirika yanayofunga miradi.

Halafu kuna kodi. Gari la abiria likiingia hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini hadi asilimia 15 kwa zinazozidi cc 2500, na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18. Injini nyingi za mazutu zenye ubavu wa kupanda mlima zimo kwenye daraja hilo la juu. Ndiyo maana gari lililokwisha kulipiwa haliporomoki bei hata rangi ikibabuka: anayelinunua analipia chuma pamoja na kodi iliyolipwa zamani na mwingine.

Na milima ipo kweli. Ukielekea Huye unapanda msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukielekea Bugarama unateremka hadi kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha Cimerwa, na mzigo wa huko hupandishwa kurudi. Kwa kazi hiyo injini ya mazutu, yenye nguvu kwenye mzunguko mdogo, haina mpinzani.

Lakini mazutu ipi? Hapa wanunuzi wengi hukosea kwa kutazama mwaka wa gari tu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ina pampu isiyotegemea kompyuta, na fundi mzoefu huifungua akaifunga. Gari jipya zaidi, lenye nozeli za umeme na presha kubwa, hunywa kidogo, ila maji kidogo tu kwenye mafuta ya madumu huziua nozeli hizo, na kuzipima kunahitaji mashine. Lile lililotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya 2011 huwa pia na chujio la masizi, linalojisafisha kwa safari ndefu za kasi. Safari za sokoni na kurudi huliziba. Wapo wanaoling'oa. Tangu Agosti 2025, Rwanda ilipoanza kupima moshi wa magari, ujanja huo umekuwa na gharama yake.

Mnunuzi afike alfajiri, injini ikiwa baridi, na akikuta muuzaji ameshaipasha moto aulize kwa nini. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga si ajabu kwa injini ya zamani. Wa bluu unasema oili inaungua. Gari lipelekwe mlimani, sio kuzungushwa mjini: gasketi ya silinda hedi iliyochoka hujionyesha kwa mapovu kwenye rejeta baada ya mpando mrefu. Kisha breki, kwa sababu kila mpando una mteremko wake. Karatasi za forodha na jina la mmiliki zikaguliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwa mfanyabiashara wa mchele wa Bugarama, hesabu ya gari la mazutu inalipa. Mwalimu wa Kamembe anayetaka gari la kwenda shule na kanisani angefanya vyema kununua dogo la petroli. Magari ya umeme yalisamehewa ushuru na VAT mwaka 2021, lakini kwa anayepandisha magunia kutoka bondeni bado hayajawa mbadala wa Hilux kuukuu.